Wanafunzi wamepika sabuni, wazazi wamenunua yote. Je, hiyo ni biashara?

MwalimuNyalenda (Kisumu)

Hamjambo nyote. Naomba msaada wa wafanyabiashara, na wa walimu wenzangu pia.

Nafundisha Gredi ya 8 na ya 9 katika shule ya umma upande wa Nyalenda. Somo langu ni lile la maandalizi ya ufundi, ambalo tangu masomo ya sekondari msingi yapunguzwe mwaka 2024 limebeba pia biashara na kompyuta. Muhula uliopita niligawa darasa kwa makundi, kila kundi likachagua mradi wake. Kundi moja likachagua sabuni ya maji. Walichanga, wakanunua malighafi za lita 20 pale soko la Kibuye kwa Sh1,000, wakapika nyuma ya darasa na kujaza chupa za lita moja. Siku ya mkutano wa wazazi chupa zote ziliisha kwa Sh70 kila moja. Wakaandika kwenye karatasi ya manila: mtaji Sh1,000, mauzo Sh1,400, faida Sh400. Karatasi ikabandikwa ukutani, naibu wa mwalimu mkuu akaipiga picha.

Wakapika tena. Safari hii hakukuwa na mkutano wa wazazi. Walimu walichukua chupa chache, nyingi kwa deni, na zilizobaki ziko stoo mpaka leo.

Kundi jingine lilikaanga mandazi ya kuuza wakati wa mapumziko. Hao walipata hasara tangu wiki ya kwanza. Lakini daftari lao lina kila kitu: unga, sukari, hamira, mafuta, makaa, hata kiberiti. Wanaweza kukuonyesha siku ambayo mafuta yalipanda bei na siku ambayo mvua iliharibu mauzo.

Sasa natakiwa kuwapa viwango. Nani amefikia matarajio, nani ameyazidi? Kundi la sabuni lina faida kwenye karatasi. La mandazi lina hasara, lakini ninapowasikiliza naona wamejifunza zaidi.

Halafu kuna jambo lililonikosesha usingizi. Kwenye ule mkutano mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, alisimama akasema: "Mwalimu, mimi nauza omena Jubilee tangu nikiwa msichana. Nimemleta huyu mtoto shule ili asiuze. Mbona unamrudisha sokoni?" Watu walimpigia makofi. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na bado sina.

Nataka watoto hawa watoke hapa wakiwa na kitu cha kuwasaidia huko mbele, waajiriwe au wasiajiriwe. Je, hii miradi inawafikisha huko? Ningeifanyaje iwe ya kweli?

---

MzaziManyatta

Madam, asante kwa kujali. Nitasema moja tu. Hao ni watoto wa miaka 13, 14. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi pekee, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Mradi wa darasa si ajira, hilo naelewa. Lakini nimeona watoto wenye sare wakizungushwa stendi ya magari saa nne asubuhi na bakuli za karanga, eti ni somo. Wakienda kwa wateja, waende na mwalimu, baada ya masomo, na mzazi awe amejua. Ukiliweka hilo wazi, nusu ya wazazi watatulia.

---

MalighafiKibuye (Kisumu)

Mwalimu, hongera kwa kuuliza. Mimi nauza malighafi za sabuni Kibuye: Ungerol, Ufacid, soda, chumvi, rangi, manukato. Huenda hata hizo za Sh1,000 zilitoka kwangu, maana shule nyingi za Nyalenda na Manyatta huja kwangu. Kwa hivyo nitakueleza ninachokiona kutoka upande huu wa meza.

Chama cha akina mama kikianza kupika sabuni na kikashika, baada ya wiki mbili tatu wamerudi. Mara ya pili wanauliza bei ya Ungerol peke yake, kwa sababu chumvi wamegundua ni nafuu dukani kwao. Mara ya tatu wanataka manukato ya limau tu, wateja wao hawapendi ya waridi. Hapo najua hao wana biashara. Shule naiona muhula mmoja, mwalimu ana orodha mkononi, analipa, anachukua risiti, basi. Siioni tena mpaka mwalimu mwingine aje na darasa jingine. Pesa yangu nimepata, lakini inaniuma. Watoto wale wanaondoka wakiamini kwamba kuuza ni kutengeneza kitu halafu watu wanaokupenda wakinunue. Wakimaliza shule, wakipika sabuni na hakuna wa kuwapenda, wanasema biashara ni bahati.

Mzazi siku ya mkutano hanunui sabuni, ananunua furaha ya mtoto wake. Hata ingekuwa maji ya rangi angetoa hiyo sabini.

Tuangalie ile karatasi ya manila. Malighafi Sh1,000, sawa. Chupa je? Chupa mpya ya lita moja yenye kifuniko kizuri hapa Kibuye haipungui Sh15 ukinunua chache, na wao walihitaji 20, hiyo ni Sh300. Bodaboda kutoka Kibuye hadi shuleni na mzigo, weka Sh100. Maji ya mtungi, Sh20. Karatasi za kubandika jina, naona shule zote hupenda kubandika jina, weka Sh60. Jumla ni Sh1,480. Wameuza Sh1,400. Kwa hivyo hakuna faida ya Sh400, kuna hasara ya Sh80, na bado hatujahesabu jasho la mtu hata mmoja. Chupa zililipwa na nani? Mara nyingi mwalimu ametoa mfukoni au mzazi mmoja amejitolea, na kitu cha kupewa hakiandikwi. Wakumbushe watoto: hata cha kupewa kina bei, kwa sababu safari ijayo huyo mpaji hatakuwapo.

Sasa wape hesabu ya pili, na hapa ndipo utaona macho yao yakifunguka. Waambie waondoe chupa. Mteja aje na chombo chake, au wapeleke mtungi mzima kwa mtu anayetumia sabuni nyingi. Chupa hakuna, karatasi za jina hakuna. Gharama inabaki Sh1,000, na 100, na 20: Sh1,120. Wakiuza lita kwa Sh65, yaani chini ya bei yao ya kwanza, wanapata Sh1,300. Hapo kuna Sh180 ya kweli. Bei imeshuka na faida imetokea. Mtoto wa miaka 14 akiipiga hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hataisahau hata akiwa mhasibu wa benki.

Lakini apelekewe nani huo mtungi? Hili ndilo darasa lenyewe. Waulize watu kabla ya kupika. Nyalenda iko karibu na nini? Hoteli za vibanda, saluni, wanaoosha magari, mama fua. Kila mmoja anataka sabuni tofauti. Muosha magari anataka povu jingi na bei ya chini, manukato hana haja nayo. Mama fua anaangalia mikono yake: ikimkata ngozi, hakununui tena. Saluni wanataka inukie. Na wale akina mama wanaokaanga samaki, nenda Obunga kwa wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikitolewa, shida yao ni mbili, mafuta yaliyoganda kwenye karai na shombo ya samaki kwenye vidole. Ukimletea sabuni inayotoa shombo, hatakuuliza jina la shule yako, atakuuliza utakuja tena lini.

Watoto waende wawili wawili, baada ya masomo kama alivyosema mzazi hapo juu, na wasibebe sabuni. Wabebe daftari. Waulize: mama, sasa unatumia sabuni gani, unainunua kwa nani na kwa bei gani, na ni nini kinachokuudhi nayo? Wengine watawafukuza. Wengine watasema wako sawa na sabuni yao, hawataki nyingine. Waache wasikie hilo jibu wakiwa bado na mwalimu na chakula cha nyumbani. Kijana wa miaka 22 anayelisikia kwa mara ya kwanza huku amekopa pesa ya mtu, huvunjika.

Jambo jingine la mikono, kwa sababu naona shule nyingi zinakosea hapa. Sabuni ikishakorogwa inajaa povu. Iache ilale usiku mzima, povu lishuke, ndipo ujaze. Ukijaza siku ileile, chupa inaonekana imejaa hadi shingoni, kesho yake imeshuka kama robo. Mteja haelewi habari ya povu, anajua umempunja, na jirani yake atajua kabla ya jioni. Nimeona kikundi cha vijana wazuri kikifa kwa sababu hiyo tu. Sabuni yao ilikuwa safi kabisa, ila haraka ya kuuza ndiyo iliwamaliza. Na wakifikiria kuipeleka madukani, wajue watadaiwa alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, kwa hivyo kwa sasa wabaki na wateja wanaowajua uso kwa uso.

Kuhusu deni la walimu. Mwalimu, usinichukie, lakini hilo litoke kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkubwa anayemkopa mtoto asilipe anamfundisha mtoto kwamba kudai ni utovu wa adabu. Ninyi walimu mlipe, na watoto waje wenyewe kudai, kwa heshima, na daftari mkononi.

Sasa huyo mama wa omena. Nimesoma maneno yake mara nyingi. Yeye hakukosea. Amelala kwenye baridi ya ufuo akingoja mashua, amekaa Jubilee juani, na hakuna hata siku moja ambayo mtu aliyesoma alimwambia anachokifanya kina akili. Anaona mtoto wake akipewa kikapu na anaona maisha yake yakijirudia. Kama mimi ningekuwa wewe, ningemwita darasani. Si kwenye mkutano, darasani, mbele ya ubao, awe mwalimu wa siku. Mwombe aeleze kwa nini omena hupanda bei mbalamwezi ikiwa kali. Atawaambia omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haiwavuti tena, mzigo unapungua ufuoni. Atawaambia anavyoweka akiba kungoja msimu wa marufuku ya uvuvi. Atawaonyesha anavyoshika omena kiganjani na kujua kama imekauka vizuri au imechanganywa na mchanga, na gorogoro moja, lile kopo la kupimia, inampa kiasi gani akiuza kwa vikombe vidogo. Watoto wakiandika hayo yote, ndipo uwaulize: kwa akili hii yote, kwa nini mama bado anahangaika? Hapo mtazungumza mtaji, hifadhi, barabara, madalali, mkopo. Na yeye ataona kwamba humrudishi mtoto wake sokoni. Unampa mtoto macho ya kulielewa soko ambalo mama yake amelibeba kichwani miaka yote bila kuliandika.

Viwango? Mimi si mwalimu, lakini kama ningeajiri, ningechukua kundi la mandazi.

---

MzeeLurambi (Kakamega)

Binti yangu wa Kibuye amesema vyema. Niongeze historia kidogo, kwa sababu mambo haya si mapya.

Nilikuwa mwalimu kijana mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, baada ya ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981. Lengo lake lilikuwa hilihili mnalolizungumzia: mtoto akimaliza darasa la nane aweze kujitegemea. Tukaletewa useremala, uashi, sayansi kimu, ushonaji, kilimo, elimu ya biashara. Wazazi walijenga karakana kwa harambee. Wengine waliuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Lakini vifaa havikuja vya kutosha. Mahali nilipofundisha tulikuwa na randa moja na misumeno michache kwa darasa la watoto zaidi ya hamsini. Walimu wenyewe hatukuwa tumeshika randa.

Ilipofika wakati wa kupimwa, kila mtoto alitakiwa kuleta kazi ya mikono. Mnajua kilichotokea? Siku ya soko kabla ya kusahihisha, viti vidogo na vikapu viliisha. Fundi wa kijijini kwetu alipata pesa nyingi majuma hayo. Watoto walileta viti vizuri mno, na alama zikatolewa. Aliyetengeneza chake kwa mikono yake, kimepinda mguu mmoja, alipata alama za chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, watu wakasema yameshindwa. Mimi nasema hayakupewa nafasi ya kushinda.

Kwa hivyo, Madam, kuwa mwangalifu sana na unachokipima. Ukipima faida, wazazi watanunua faida, kama walivyonunua ile sabuni. Ukipima chupa nzuri, watakodisha mtu wa kutengeneza chupa nzuri. Pima daftari la kundi la mandazi. Wape hao kiwango cha juu, na uwaeleze kundi la sabuni kwa upole sababu yake, msiwaaibishe.

Na huyo mama wa omena mwiteni haraka. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuona mzazi mchuuzi akialikwa kufundisha. Daktari alialikwa, wakili alialikwa, mchungaji alialikwa.

---

MkufunziNakuru

Nakubaliana na wengi hapa, ila Mzee, kwa heshima zote, daftari nalo linanunuliwa.

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Nakuru. Vyuoni ujasiriamali umekuwa somo la lazima kwa miaka mingi, na mtahiniwa wa KNEC, baraza la mitihani, alitakiwa kuandika mpango wa biashara mzima: soko, washindani, makadirio ya miaka ijayo. Kwenye karatasi ni kazi nzuri sana. Lakini ukienda kwenye vyumba vya kompyuta vya mitaani ulikuta mipango hiyo imehifadhiwa tayari. Unalipa, mwenye kompyuta anabadilisha jina lako na jina la mji, anakuchapishia. Nimesoma mpango wa ufugaji wa kuku wa mwanafunzi wangu ambao katikati yake ulitaja mto ulio Pwani. Kwa hivyo tulipima karatasi, na karatasi zikauzwa kama viti vya Mzee vilivyouzwa.

Kitu ambacho sijaona kikinunuliwa ni mazungumzo. Keti na mtoto, daftari liko wazi katikati yenu, weka kidole kwenye mstari mmoja: hapa mafuta yalipanda, mlifanya nini? Kwa nini hamkupandisha bei ya andazi? Mlijadiliana nani na nani? Aliyeyaishi atajibu hata akigugumia. Aliyenakili atatazama dari. Dakika chache kwa kila mtoto zinatosha. Najua una watoto wengi, lakini unaweza kufanya kundi kwa kundi.

Tofauti yangu kubwa na dada wa Kibuye ni hii. Naona tunaharakisha sana kuuza kabla mtoto hajajua kufanya kitu chochote vizuri. Sabuni na mandazi kila mtu anaweza, ndiyo maana soko limejaa. Mimi ningetaka huyo wa Gredi ya 9 ajue kwanza ufundi mmoja, hata mdogo: kuunganisha taa, kushona zipu, kutengeneza kiti kisichoyumba. Biashara itafuata ufundi. Mafundi wengi wa jua kali ninaowajua walikaa chini ya mtu kwanza, ndipo wakaenda kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wa daraja la tatu, la pili, hadi la kwanza. NITA wana kituo hata huko kwenu Kisumu, wapelekeni watoto wakakione.

Lakini ninakubali kwamba ufundi bila hesabu haumlishi mtu. Nina kijana aliyekuwa bora darasani, anafunga nyaya kama aliyezaliwa nazo. Alipata kazi yake ya kwanza ya kuweka umeme katika nyumba ya vyumba viwili huko Njoro. Akatoa makadirio: nyaya, swichi, soketi, taa, sanduku la fyuzi. Hakuandika mabomba ya kupitishia nyaya, klipu, skurubu, nauli ya siku zote, wala chakula. Mwenye nyumba alikubali bei papo hapo, na kijana akafurahi. Alimaliza kazi nzuri kabisa, akarudi na deni. Sasa kila mwanafunzi wangu lazima aandike makadirio ya kazi moja ya kweli, ayapeleke kwa fundi aliye nje ya chuo, fundi ayakosoe kwa kalamu nyekundu. Mafundi wanapenda sana hiyo kazi. Hakuna aliyewahi kuwaomba wasahihishe kitu.

Na hili linamhusu hata atakayeajiriwa. Ripoti za KNBS, shirika la takwimu, kila mwaka zinaonyesha kwamba, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi nchini wako kwenye sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Na hao wengine wachache, kwenye mashamba ya maua Naivasha au mitambo ya mvuke Olkaria, bado wanaulizwa na bosi: hii itagharimu pesa ngapi na itachukua muda gani? Anayeweza kulijibu hilo vizuri ndiye anayepewa kazi inayofuata.

---

MalighafiKibuye

Mkufunzi, ufundi kwanza, sikatai. Lakini hata wewe umetuambia kijana wako alikuwa na ufundi wote na bado akarudi na deni. Viende pamoja tangu mwanzo. Mtoto anayeshona zipu ajue zipu imetoka duka gani na kwa bei gani siku ileile anayojifunza kuishona. Ukimwachia hesabu mpaka amalize ufundi, ataiona hesabu kama kazi ya watu wengine.

Na sabuni nayo ni ufundi. Njoo nikuonyeshe watu wanaokoroga miaka na bado inajitenga, maji juu, nzito chini.

---

MwalimuNyalenda

Nimewasoma wote, na nimesoma sehemu nyingine kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Madeni ya sabuni yameanza kulipwa.

Nilichoamua ni hiki. Kundi la sabuni watapiga upya hesabu yao wenyewe, siwapi majibu ya dada wa Kibuye, nitawapa tu swali la chupa: nani alilipa? Kisha wataenda na mwalimu mwenzangu kwa akina mama wa samaki na kwa waosha magari, na madaftari tu. Wazazi watapelekewa barua ya kutia sahihi kwanza. Viwango nitavitoa kwa mazungumzo kama alivyosema Mkufunzi, kundi kwa kundi. La mandazi nimeanza nalo leo. Msichana mmoja aliniambia walikataa kupandisha bei kwa sababu watoto wa Gredi ya 4 walikuwa wanakuja na shilingi tano tano, na wakipandisha hao hawatakula. Nikamuuliza, basi mngefanya nini? Akasema: "Tungefanya madogo ya watoto wadogo na makubwa ya walimu, na walimu walipe zaidi." Sikuwa nimemfundisha hilo.

Mama wa omena nilimpigia simu. Kwanza alidhani mtoto amefanya kosa. Nilipomweleza alinyamaza, halafu akauliza kama anaweza kuja na gorogoro yake na omena za aina mbili, nzuri na mbaya, ili watoto wazishike. Anakuja Ijumaa.

Nina maswali mawili ya mwisho. Dada, naweza kuleta watoto wachache kwako waone malighafi? Na kwa mtungi wa kwanza wa kuuzia hoteli, unaweza kutupunguzia?

---

MalighafiKibuye

Walete, lakini wasije Jumapili. Jumapili Kibuye inafurika, sitapata hata nafasi ya kuwasalimia. Waje Jumatano alasiri, wasizidi wanane, na wawe na glavu na viatu vya kufunika miguu, kwa sababu Ufacid inachoma ngozi. Nitawaonyesha Ungerol inavyokorogwa na chumvi kuelekea upande mmoja mpaka iwe nyeupe na nzito, na nitawaachia wakoroge wenyewe hadi mikono iume.

Bei nitawapa ileile ninayowapa akina mama wa vyama. Sitawapa bure. Na usiniombe wewe, Mwalimu. Wachague mmoja wao aje aombe, akiwa na pesa yao mkononi na anajua duka la pili linauza ngapi.